Karakana ya vichezeo Dodoma iliyorudi kwenye matofali ya mbao

## Kuhusu kisa hiki

Karakana inayoelezwa hapa ipo jijini Dodoma na bado inafanya kazi. Jina lake, mtaa ilipo, majina ya wabia na ya wateja yameondolewa. Fedha zimeandikwa kwa uwiano: mauzo ya mwaka wa mwisho kabla ya kupanuka yamehesabiwa kuwa 100, na tarakimu nyingine za mauzo zisomwe kwa kulinganisha na hapo. Vipimo vya mbao, hesabu za unyevu na taratibu za kazi zimeachwa kama zilivyo, maana humo ndimo kisa chenyewe kilimo.

## Usuli

Walianza watatu: mafundi seremala wawili na mwalimu wa darasa la awali aliyekuwa ameacha kufundisha. Mwalimu ndiye aliyechora bidhaa ya kwanza, na ndiyo iliyowapa jina mjini: sanduku la darasa. Ndani yake mlikuwa na matofali 60 ya kuchezea, abakasi (fremu ya shanga za kuhesabia), herufi za mbao, mafumbo mawili ya picha na kigari cha kuvuta kwa kamba. Wanunuzi walikuwa shule binafsi za awali, vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, mashirika machache na wazazi mmoja mmoja. Wafanyakazi walikuwa tisa, bidhaa kumi na nne, deni hakuna.

Matofali yalikuwa ya saizi tatu, zote zikitoka kwenye mche mmoja wa paini wenye unene wa milimita 40 kwa 40 ukisharandwa. "Moja" ilikuwa na urefu wa milimita 40, "mbili" 80, "nne" 160. Kila sanduku lilibeba moja 30, mbili 20 na nne 10, ambazo zikipangwa mstari mmoja zinafika mita 4.4. Ukiongeza kinachopotea kwenye msumeno na vipande vyenye vifundo vinavyotupwa, sanduku moja linakula miche miwili ya inchi 2 kwa 2 yenye urefu wa futi 12. Thamani ya kichezeo hiki yote imo kwenye uwiano huo: moja nne zikipangwa sambamba zilingane na nne moja. Mtoto wa miaka mitano anagundua hesabu kwa vidole kabla hajaijua kwa mdomo.

Mbao zilitoka Mafinga, kila mwaka mwezi Julai, zikiwa na hati za usafirishaji za Wakala wa Huduma za Misitu. Mkubwa kati ya wale mafundi alizipanga chini ya banda la bati nyuma ya karakana, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya inchi moja ili upepo upite, na hakuruhusu mtu aziguse mpaka mwisho wa Septemba. Alifanya hivyo kwa mazoea aliyorithi kwa fundi aliyemfundisha kazi. Hakuna aliyeandika kwa nini.

Kalenda yao ilikuwa rahisi. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo Julai hadi Oktoba mbao zinakauka kwa upepo na jua. Novemba na Desemba karakana inakata na kupiga msasa. Januari shule zinafunguliwa na masanduku yanaondoka.

## Kupanuka

Julai 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa dhati, na Aprili 2018 manispaa ikapandishwa kuwa jiji. Ofisi zilihitaji meza na makabati. Watumishi waliohamia walijenga Nkuhungu, Nzuguni, Ilazo na Mkonze, na kila nyumba ilitaka milango na fremu. Seremala mwenye mashine ya kuranda aliyekuwa anakaa kimya wakati ule alihesabiwa kuwa amelala.

Wabia wetu hawakulala. Mwaka wa kwanza waliongeza samani za ofisi na madawati. Mwaka uliofuata milango na fremu, na ili kubeba mizigo wakanunua Canter iliyotumika. Kisha duka la vichezeo vya plastiki kutoka Kariakoo, kwa hoja kwamba mzazi anayekuja kununua matofali atachukua na mdoli. Mwisho wakaweka mashine ya kuchomelea na kuanza kutengeneza bembea na mitelezo ya viwanja vya shule.

Kila hatua ilikuwa na sababu inayoeleweka. Aliyesukuma zaidi alikuwa fundi mdogo, na kauli yake kwenye vikao ilikuwa moja: sisi ni watu wa mbao, popote penye mbao pana kazi yetu. Hakuna aliyempinga, na kauli hiyo tutairudia kwenye uchambuzi.

Katika miaka minne mauzo yalipanda kutoka 100 hadi 340. Wafanyakazi walifika 31. Aina za bidhaa, ukihesabu saizi zote za milango na kila mdoli dukani, zilifika 163. Masanduku ya darasa yaliyokuwa karibu mauzo yote yakawa sehemu ya nne tu ya mauzo. Ukimuuliza yeyote pale wakati huo, angekwambia mambo ni mazuri.

## Namna mambo yalivyoharibika

Dalili ya kwanza ilikuwa fedha, na iliingia kwa njia ambayo daftari la mauzo haliwezi kuionyesha. Wazazi na shule binafsi walilipa ndani ya siku 20 kwa wastani. Wateja wa samani, wengi wao taasisi, walilipa baada ya siku 140. Hapo hatuhesabu kodi ya zuio ya asilimia 2 inayokatwa kwenye bidhaa zinazouzwa kwa taasisi za serikali. Inatambuliwa baadaye kwenye kodi ya mwaka, lakini leo haimo mfukoni.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Oda nyingi za samani zilikuja kati ya Machi na Juni, wakati bajeti inamaliziwa. Ankara ambayo haikulipwa hadi Juni 30 ilivuka kwenda mwaka mpya na kusubiri mafungu mapya yafunguliwe. Maana yake karakana ilikuwa haina kitu kati ya Julai na Septemba, na hiyo ndiyo miezi ya kununua paini na kuianika. Kalenda ya samani na kalenda ya vichezeo ziligombania fedha zile zile katika miezi ile ile, na kila mwaka samani zilishinda kwa sababu zilikuwa zimeshazichukua.

Pengo lilizibwa kwanza kwa mkopo wa benki, kisha kwa mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwezi. Tuchukue meza moja ya ofisi iliyouzwa 100. Kwenye karatasi ilibakiza 18 baada ya vifaa, vibarua na usafiri. Vifaa vyake vya 55 vilinunuliwa kwa mkopo huo. Siku 140 ni miezi minne na nusu na zaidi kidogo, kwa hiyo riba ilifika 38. Meza iliyoonekana kuingiza 18 ilikuwa inatoa 20. Waliuza mamia ya meza za namna hiyo na kusherehekea kila mkataba.

Dalili ya pili ilitoka kwenye matofali yenyewe. Banda la kukaushia lilikuwa limegeuzwa stoo ya mbao za madawati. Paini ya vichezeo ikawa inanunuliwa Novemba, kwa haraka, kwenye magodauni ya mjini, ikiwa bado haijakauka vya kutosha. Ilirandwa usiku, baada ya milango, ikakatwa na kufungwa kwenye sanduku wiki ile ile. Siku ya kutoka karakanani kila tofali lilipima milimita 40 kamili.

Mwezi Agosti mwalimu wa kituo kimoja njia ya Bahi alipiga simu. "Kaka, haya matofali yenu hayajui hesabu." Alikuwa ameweka moja nne kando ya nne moja mbele ya watoto, zikapungua. Watoto wakaongeza ya tano, ikazidi. Mwalimu hakuwa na hasira. Alitaka kujua kama ametumiwa saizi isiyo yake.

Hakuwa ametumiwa saizi isiyo yake. Mbao inapopoteza maji husinyaa kwa upana na unene, lakini kwa urefu wa nyuzi haisinyai kiasi cha kuonekana. Kwa paini, upande unaosinyaa zaidi hupungua takriban robo ya asilimia kwa kila asilimia moja ya unyevu inayopotea. Mbao iliyoingia na unyevu wa asilimia 20 ikashuka hadi 10 katika kiangazi cha Dodoma inapungua asilimia 2.5, yaani tofali la milimita 40 linabaki 39. Nne ina nyuzi zinazokwenda kwa urefu wake, kwa hiyo inabaki 160. Moja nne zikilazwa ubavu kwa ubavu zinafika 156. Pengo la milimita 4 haliwezi kufichwa. Mafumbo ya picha nayo yalilegea kwenye fremu, na magurudumu ya kigari yakaanza kuchomoka kwenye ekseli.

Msimu huo, kati ya kila masanduku 100 yaliyouzwa, 18 yalirudishwa au kulalamikiwa. Mwisho wa mwaka mteja mkubwa alirudisha masanduku 40 kwa mkupuo, mishahara ya miezi miwili ilikuwa haijalipwa, na benki ilikuwa imeandika barua ya pili.

## Maamuzi na sababu zake

Kuhesabu kwanza. Kwa wiki tatu hawakufunga kitu wala kumfukuza mtu. Mwalimu na kijana mmoja wa ofisini walishika saa na kuandika, kwa kila bidhaa, vifaa vilivyotumika, dakika za mashine ya kuranda, na siku ambazo fedha ilichukua kurudi. Walichagua mashine ya kuranda kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na foleni. Msumeno na drili zilikuwa na nafasi. Kilichobaki baada ya vifaa kikagawanywa kwa saa za mashine hiyo. Sanduku la darasa likipewa 100, mlango ulipata 58 na meza ya ofisi 41. Hapo riba bado haijaguswa.

Hesabu hiyo iliwaumbua pia mahali wasipotarajia. Abakasi, fahari ya sanduku, ilikuwa inauzwa chini ya gharama. Ina shanga 100, kila moja inatobolewa na kusuguliwa kwa mkono. Hakuna aliyewahi kuitazama peke yake kwa sababu ilikuwa ndani ya kitu kinacholipa.

Kuacha, kwa mpangilio. Mikataba miwili ya samani iliyosainiwa ilimaliziwa, na hakuna mwingine uliopokelewa. Mashine ya kuchomelea iliuzwa. Duka la plastiki lilifungwa mkataba wa pango ulipoisha, na mzigo ukauzwa kwa bei ya kununulia kwa wafanyabiashara wadogo wa soko la Sabasaba. Mwalimu alitaka kusubiri bei nzuri, akashindwa hoja, na ilikuwa heri akashindwa, maana vichezeo vile vilikuwa vya katuni ambazo watoto walishazisahau. Canter iliuzwa na fedha yake yote ikaenda kwenye kausha damu kabla ya deni lingine lolote. Baada ya hapo mishahara, kisha benki, ambayo ilikubali kurefusha muda wa kulipa baada ya kuonyeshwa ule mchanganuo wa bidhaa kwa bidhaa.

Milango haikuachwa mara moja. Mjenzi wa nyumba anatanguliza nusu na kumalizia siku ya kuchukua, kwa hiyo milango ndiyo iliyolipa umeme na posho kwa miezi mitano. Iliachwa Julai, mbao za kuanikwa zilipohitaji banda. Uamuzi huu wa kutumia biashara isiyo yako kama daraja, lakini ukiwa umeandika tarehe ya kulivuka, ndio tunaouona kuwa wa busara kuliko yote waliyofanya.

Kuponya tofali. Kurudi kwenye kazi mama kusingesaidia kitu kama kazi yenyewe ilikuwa mbovu. Banda lilirudishwa. Miche inapangwa juu ya vitegemeo vya sentimita 40 kutoka ardhini, vijiti vya inchi moja kila sentimita 60, vikisimama mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Vikipishana, mbao zinapinda. Ncha zinapakwa rangi kuukuu ili zisikauke haraka na kupasuka. Juu huwekwa mawe.

Unyevu unapimwa kwa njia isiyohitaji kifaa cha bei kubwa. Kipande cha sentimita 5 kinakatwa sentimita 30 kutoka kwenye ncha, kwa kuwa ncha hudanganya. Kinapimwa kwa mizani yenye desimali moja ya gramu, kisha kinakaushwa kwenye oveni kwa nyuzi joto 103 mpaka uzito usishuke tena. Mfano mmoja wa kwenye daftari lao: gramu 62.4 kabla, 52.0 baada. Tofauti 10.4, ukigawanya kwa 52.0 unapata asilimia 20. Mche huo unarudi kwenye banda. Oveni ni ya mwoka mikate jirani, ikitumika usiku.

Lengo liliwekwa asilimia 11. Kiangazi cha Dodoma huishusha paini hadi 9 au 10, masika huipandisha kwenye 13. Ukiikata ikiwa 11, tofali linacheza karibu milimita 0.2 kwenda kila upande, na mkono wa mtoto haulioni hilo. Miche ya inchi 2 ilichukua wiki nane hadi kumi kufika hapo. Ikitoka bandani inarandwa hadi milimita 43, inakaa ndani wiki moja kutulia, ndipo inafikishwa 40. Fundi anapima kwa kibao chenye nafasi mbili, 40.3 na 39.7: tofali lazima lipite ya kwanza na likatae ya pili.

Kwenye usalama walikuwa na kazi ya kurudia pia. Kipimo cha kimataifa cha vipande vidogo kwa watoto chini ya miaka mitatu ni mcheduara wenye upana wa ndani wa milimita 31.7, wenye kitako cha mteremko kuanzia kina cha 25.4 hadi 57.1. Chochote kinachoingia chote humo, kwa upande wowote, kinaweza kumkaba mtoto. Keekee ya inchi moja na robo inatoboa tundu la karibu kabisa na upana huo, kwa hiyo kila meza ya kazi ilipewa gogo lenye tundu. Magurudumu ya milimita 30 yalizama. Yakaongezwa kuwa 45, na misumari iliyokuwa ekseli ikabadilishwa kwa vijiti vya mbao ngumu vya milimita 10 vilivyogandishwa kwa gundi.

Upakaji uliwasumbua zaidi. Walitaka kuachana na vanishi, na kwa kuwa kanda ya kati ni nchi ya alizeti walijaribu mafuta ya alizeti. Ilikuwa hasara. Mafuta hayo hukauka nusu nusu. Tofali lilibaki linanata kwa wiki, likabeba vumbi lote la Agosti na kuanza kunuka. Kilichofaa ni nta ya nyuki ya Manyoni iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya parafini yanayouzwa maduka ya dawa, sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta kwa uzito, chombo kikiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto na kamwe si juu ya moto wenyewe. Rangi zilizobaki, za herufi na magurudumu, zinanunuliwa kwa msambazaji anayeonyesha cheti cha maabara kwamba risasi haizidi sehemu 90 kwa milioni, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Kupunguza aina. Kutoka 163 zilibaki 22, na zote zinashirikiana vipande: gurudumu la saizi moja, ekseli ya saizi moja, unene wa ubao wa milimita 20 kila mahali. Abakasi ya shanga 100 ikawa ya mistari miwili yenye shanga kumi kumi. Walimu waliitwa kabla, wakasema kwa darasa la awali kuhesabu ndani ya 20 ndiko kunakotumika.

Masharti ya malipo. Nusu hutangulizwa. Wateja wa kulipa baadaye hawaruhusiwi kuzidi robo ya mauzo ya mwaka, hata wakija na oda kubwa kiasi gani.

## Wafanyakazi

Hapa walikosea, na inafaa kusemwa wazi. Kutoka watu 31 walibaki 13. Kundi la kwanza, watu saba wa kuchomelea na duka, waliambiwa Ijumaa kuwa Jumatatu wasije. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza makali, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo. Aliyetimiza mwaka kazini anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka, kwa miaka isiyozidi kumi. Watatu walikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Shauri liliisha kwa maelewano, lakini fedha iliyolipwa ilikuwa zaidi ya ambayo utaratibu wa halali ungegharimu, na ilitoka kwenye fungu la kununulia mbao.

Kundi la pili liliitwa kwenye kikao, likaonyeshwa madaftari. Wanne walijitolea kuondoka kwa kuchukua mashine ndogo za mkono kama sehemu ya malipo yao. Mmoja wao leo anaiuzia karakana magurudumu.

## Matokeo

Baada ya miezi 18 mauzo yalikuwa 130, chini sana ya yale 340. Kila 100 iliyoingia ilibakiza 21, sawa kwa karibu na miaka ya mwanzo. Fedha ilirudi kwa wastani wa siku 34. Kausha damu ilikwisha mwezi wa tano, benki ilikuwa imebakiza theluthi. Malalamiko yalishuka kutoka 18 hadi 2 kwa kila masanduku 100, na yale mawili yalikuwa ya herufi zilizobanduka rangi.

Fundi mdogo alijitoa kwenye ubia kwa amani. Alifungua karakana yake ya milango na samani, anadai nusu mbele kwa kila mteja, na anafanya vizuri.

## Uchambuzi

Kufanikiwa kwa fundi mdogo kunazuia tafsiri ya haraka kwamba samani zilikuwa biashara mbaya. Dodoma ile, zilikuwa nzuri. Zilikuwa mbaya ndani ya nyumba ile, kwa sababu zilidai fedha Julai na nafasi ya banda Julai, na Julai ndiyo roho ya tofali. Biashara mbili zinaweza kutumia mbao ile ile, fundi yule yule na mashine ile ile, zikauana kwa kalenda. Anayetaka kuongeza bidhaa ya pili achore kwanza miezi kumi na miwili kwenye ukuta na kuweka alama mbili kwa kila bidhaa: mwezi inapokula fedha na mwezi inapoirudisha. Kazi hiyo ni ya nusu saa.

Kauli ya "sisi ni watu wa mbao" ndiyo iliyofungua milango yote. Ilikuwa kweli kuhusu ujuzi wao, lakini haikusema mteja anarudi kwa ajili ya nini. Walipopitia daftari la miaka ya nyuma na kuweka alama kwa kila mteja aliyerudi bila kupigiwa simu, karibu wote walikuwa wa sanduku la darasa. Hakuna hata mmoja aliyerudi kwa sababu ya mbao. Walirudi kwa vipande vinavyolingana.

Wengi hupenda kulinganisha visa kama hiki na Lego ya Denmark, na ulinganisho una faida kama hautapitilizwa. Lego nayo ilianza kama karakana ya seremala, Ole Kirk Christiansen, mjini Billund mwaka 1932, ikitengeneza vichezeo vya mbao. Tofali lake la plastiki la namna tunayoijua ni la 1958. Baada ya kutawanyika kwenye mambo mengi, ilipata hasara kubwa 2003 na 2004. Jørgen Vig Knudstorp alishika uongozi 2004, aina za vipande zikapunguzwa kutoka zaidi ya 12,000 hadi karibu 7,000, na 2005 sehemu kubwa ya umiliki wa viwanja vya Legoland ikauzwa. Kupunguza aina za vipande kulifanya kazi Billund na Dodoma kwa sababu ile ile: kila kipande kipya kinadai kifaa chake, nafasi yake stoo na makosa yake. Tofauti ni kwamba tofali la Lego lilikuwa bado linashikana vizuri siku kampuni ilipolirudia, na familia yenye mali ilikuwa nyuma yake. Karakana yetu ilirudi kwenye tofali lililosinyaa, na cha kuuza ilikuwa nacho Canter moja. Ndiyo maana kwao mpangilio wa kuacha, nini leo na nini baada ya miezi mitano, ulikuwa na uzito kuliko orodha yenyewe ya vitu vya kuacha.

Bahati nayo ilikuwepo. Desemba 2021 ilizinduliwa hapa Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na vituo vya watoto wadogo vikaanza kuulizia vifaa wakati karakana ikiwa ndiyo kwanza imepata tofali zuri. Mwaka mmoja kabla ya hapo wangeuza yale mabovu kwa wingi zaidi.

Kilichoponea chupuchupu kupotea ni ujuzi wa banda. Fundi mkubwa aliujua mikononi. Banda lilipogeuzwa stoo hakuwa na neno la kulitetea zaidi ya "tumezoea hivi", na mbele ya mkataba wa meza 200 mazoea hayana nguvu. Sasa ukutani pana karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu: asilimia 20 ni milimita 39, asilimia 11 ni milimita 40, na chini yake jina la anayeruhusiwa kutoa mbao bandani kabla ya mwisho wa Septemba. Nafasi ya jina imeachwa wazi.

Ambalo halijatatuliwa ni kutegemea Januari. Zaidi ya nusu ya mauzo bado huingia kati ya Novemba na Februari, na Mei na Juni wafanyakazi 13 wanakosa kazi ya kuwatosha. Wamejaribu kukarabati masanduku ya zamani, kubadilisha matofali yaliyopotea na kupaka nta upya kwa bei ndogo, wakiwafuata wateja Kongwa, Mpwapwa na Chamwino. Mwaka wa kwanza kazi hiyo ililipa mishahara ya wiki tatu kati ya tisa.